Bomba la Moshi la Upande wa Kushoto

Ukitaka kumjua mpenda pikipiki wa Rumonge usimwangalie usoni, mwangalie shavu la mguu wa kulia. Pikipiki zetu zina bomba la moshi upande wa kulia, na aliyewahi kupakiwa akashuka kwa pupa ana kovu lake pale, jeusi mwanzoni, baadaye linapauka. Ndiyo maana watu wa huku hushukia kushoto. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kusalimia vizuri. Shukia kushoto, shukia kushoto. Kovu langu nililipata nikiwa na sketi ya shule, siku niliyokuwa najiona mjuaji.

Sisi tunaokutana Jumapili baada ya ibada, kwenye karakana ya fundi karibu na ziwa, sote tunalo kovu hilo. Fundi ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira. Anachomelea mageti, vitanda, na kila chuma kinachovunjika kwenye boti za wavuvi. Yupo mama anayekamua mawese Kizuka, ambaye pikipiki yake hubeba madumu ya mafuta hadi sokoni na hunukia jikoni wiki nzima. Yupo muuza ndagala, yaani dagaa, wa Minago, mwenye sauti kubwa kuliko injini yake. Halafu mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyezaliwa Tanzania uhamishoni. Mwalimu wa kike huku huitwa Metresi, na Kiswahili changu wanakicheka. "Metresi anaongea sawa radio," husema muuza ndagala, na wenzake huangua kicheko kana kwamba hawajawahi kukisikia kichekesho hicho.

Hakuna kati yetu mwenye pikipiki iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Tangi la hii, magurudumu ya ile, kiti kimeshonwa na fundi viatu. Mabomba ya moshi ni ya fundi wetu, yote kayatengeneza kwa mkono, na hakuna mawili yanayolia sauti moja. Wanawake wa soko la samaki humtambua anayekuja kabla hajatokeza kwenye kona.

Lakini miaka hii petroli, esanse kama tuiitavyo, ni ya kutafuta kwa tochi. Dumu linakaa kwenye foleni zaidi kuliko pikipiki inavyokaa barabarani. Mtu ambaye pikipiki yake imesimama atalalamika au atatengeneza kitu, na sisi tulikuwa tunafanya yote mawili, ndipo nikawaletea habari ya baba yangu.

Baba aliendesha pikipiki miaka yote ya uhamishoni. Ilikuwa ya kanisa, na yeye ndiye aliyepeleka dawa na wahubiri kwenye njia ambazo hata mbuzi walizikwepa. Tuliporudi Burundi akajipatia mkweche wake mwenyewe. Kisha siku moja, akikata ngazi, yale mashada ya matunda ya mawese, kwenye shamba letu la michikichi huko Kizuka, alianguka kutoka juu ya mti. Mgongo ulipona. Mguu wa kulia, kuanzia gotini kushuka chini, haukurudi. Anatembea kwa fimbo, ila mguu huo hausikii baridi wala moto.

Hilo la moto tulilijua kwa njia mbaya. Alipopanda pikipiki ya watu kama abiria, mara ya kwanza tangu aanguke, mguu uliegemea bomba njia nzima, naye anamsimulia dereva habari za mihogo. Mama ndiye aliyesikia harufu walipofika nyumbani. Kidonda kile kilikaa msimu mzima wa mvua. Mama akapiga marufuku pikipiki, na baba hakubisha. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu baba yangu ni mtu wa kubisha, anaweza kubishana na wewe kama leo ni Jumanne. Safari hii alinyamaza. Akakigeuza kiti chake cha barazani, kilichokuwa kikitazama barabara, kikawa kinatazama uani. Pikipiki ikipita anauliza kama kuku wamepewa chakula.

Nilitaka baba akigeuze tena kile kiti. Sikutaka kingine.

Fundi alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Papa hana kosa," akasema. "Ni eshapoma ndio iko upande mubaya. Tunaihamisha."

"Bomba la moshi linahamishikaje?"

"Sisi watu tulihama na magodoro, Metresi. Eshapoma ndio itashindwa?"

Tukausukuma mkweche wa baba kutoka chini ya turubai hadi karakana. Alituona tunavyoutoa. Akageukia kuku wake.

Bomba jipya lilitoka kwenye boti iliyokufa. Ukilipinda bomba tupu linabonyea, kwa hiyo unalijaza mchanga, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, unalichoma mpaka liwe jekundu, ndipo unalipinda taratibu. Sisi tunachomea maganda ya kokwa za mchikichi, ambayo mama wa mawese huyaleta kwa magunia na hayana masihara kwa moto. Mchanga alikwenda kuuchota muuza ndagala. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hawezi kufikiri kwamba mchanga una ubaya wowote. Akauchota pale pale maji yanapoishia, akaukausha juani kwa muda wa kunywa chai, akatuletea akijisifu kwamba ni msafi.

Bomba lilipoanza kuwa jekundu, unyevu uliobaki ndani ukageuka mvuke, na kigingi kikafyatuka kwa mshindo. Kilipita juu ya vichwa vyetu kikatoboa dumu la mawese. Tulilala chini wote, na tulipoinua vichwa mafuta yalikuwa yanatiririka kuelekea kwenye suruali ya ibada ya muuza ndagala.

"Ulileta muchanga ao ulileta ziwa?" mama wa mawese akamuuliza. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na alikuwa na haki.

Kazi ya kukausha mchanga nikapewa mimi. Nikaukaanga jikoni kwetu, kwenye sufuria kubwa ya mama. Mama akaingia, akasimama, akatazama.

"Hata ukimbizini hatukula mchanga," akasema.

Nikamweleza ni wa nini. Nilijiandaa kugombezwa. Mama akaninyang'anya mwiko akaanza kukoroga mwenyewe, kwa nguvu, akisema kwamba mimi sijui kukaanga kitu chochote na ndiyo maana ndagala zangu huungua.

Kwa mchanga wa mama, bomba lilipindika vizuri. Lilitoka mbele ya injini, likapita chini yake, likapanda nyuma upande wa kushoto. Upande huo ndio wa mguu mzima wa baba, unaosikia moto na kujiondoa wenyewe. Mtungi wa kupunguza kelele fundi aliutengeneza kwa kizimamoto cha zamani, ndani akaweka bomba lenye matundu na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria.

Kisha tukapoteza Jumapili nzima kwa ajili ya sauti. Muuza ndagala aliitaka kali, isikike hadi Minago. Mama wa mawese akasema mzee wa kanisa haendi kwenye shamba lake na kelele za harusi. Fundi alifumba macho akasikiliza, akasema inalia sawa mutu mwenye mafua, akaufungua mtungi akaanza upya. Nilitaka kupiga kelele. Baba anakaa nyumbani anatazama kuku, na ninyi mnabishana kuhusu mafua! Lakini ndivyo tulivyo. Kitu kisicholia vizuri hatumpi mtu. Mwishoni ikatoka sauti nene, ya chini, isiyo na haraka, na hata muuza ndagala akakubali kwa kunyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Tukaipeleka nyumbani. Nilikuwa nimemshonea baba mto wa kiti cha nyuma, na fundi alikuwa amechomelea kiegemeo ili mgongo upumzike. Baba akainuka na fimbo yake, akaizunguka pikipiki polepole. Akaligusa bomba, akainama kuangalia maungio. Akamshukuru fundi kwa Kirundi, "Murakoze cane." Kisha akauliza, "Na breki?"

Fundi akanitazama mimi.

"Papa, utakaa huku nyuma," nikasema. "Tazama, kuna na mto."

"Sikuuliza nitakaa wapi. Nimeuliza breki ya nyuma iko wapi."

Ilikuwa pale inapokuwa siku zote, kwenye mguu wa kulia. Kwenye mguu ule ule. Nikaelewa kwamba wiki zote zile tulikuwa tumemtengenezea baba pikipiki ya kubebwa, na hakuna hata mmoja wetu, watu tunaojiita wapenda pikipiki, aliyewaza kwamba mzee angetaka kuendesha. Niliona aibu. Pia niliogopa, na woga ukanitoka kwa sura ya hasira. Nikamtajia umri wake, nikamkumbusha kile kidonda. Baba hakubisha. Aliketi, na nikajua kiti kile kitabaki kinatazama uani.

Aliyetuokoa ni mama wa mawese.

"Ile baiskeli zinashuka milima na ndizi, fre yake si iko ku mukono?" akasema. "Mukono wa Papa uko na shida gani?"

Fre ndiyo breki. Fundi akajipiga kofi la paji la uso.

Jumapili iliyofuata akafunga mkono wa breki wa baiskeli kwenye usukani, upande wa kushoto chini ya klachi, na waya mnene ukashuka hadi gurudumu la nyuma. Tukajaribu kwenye uwanja wa mpira wa shule yangu. Fundi akaijaribu kwanza, kisha mimi, tena na tena, kwa kuwa sikuiamini. Halafu baba. Kitu kimoja hakikuwezekana: kiki ya kuwashia iko kulia, naye hana mguu wa kuipiga. Nikaipiga mimi. Alipoondoka nilitembea kando yake, mikono nimeinyoosha, mpaka akaniambia kwa ukali, "Mama, toka njiani."

Alizunguka uwanja. Alipofunga breki gurudumu la nyuma lilisimama sawasawa, na fundi akageuka akajifanya anatafuta spana.

Tulikaa tukingoja esanse, na ilipopatikana kidogo, muuza ndagala alitupimia kutoka kwenye dumu lake bila maneno mengi, kitu ambacho huku ni zaidi ya kumpa mtu ng'ombe. Asubuhi baba akavaa koti la ibada. Mama akalikagua bomba, akakagua suruali ya baba, akamfunga kipande cha ngozi kwenye mguu usiosikia ijapokuwa bomba halikuwa tena upande huo. Akaniambia, "Mkamate vizuri." Nikapiga kiki, nikapanda nyuma, kwenye mto niliomshonea yeye.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa mtoto tena, pua yangu kwenye mgongo wa koti la baba, na barabara inapita. Ziwa lilikuwa upande mmoja na michikichi upande mwingine. Alikuwa mwangalifu, si mwepesi kama zamani, na mbele ya baiskeli za mihogo alipunguza mwendo mapema, vidole vyake vya kushoto vikiujua mkono mpya wa breki kama umekuwapo siku zote. Watu kandokando waligeuka wakiisikia sauti wasiyoijua, wakamwona mzee, wakapunga mikono. "Amahoro, Papa!" Baba alijibu kila mmoja. Nililia nyuma yake, na sikujifuta, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nimkamate vizuri.

Tulipofika shambani akazima injini. Nami, nikiwa na furaha hadi kooni, nikashuka kama nilivyofundishwa maisha yangu yote. Nikashukia kushoto.

Nilipiga ukelele uliowatoa ndege kwenye michikichi. Baba akageuka akiwa ameogopa, akaniona ninarukaruka kwa mguu mmoja, akalitazama bomba, akanitazama mimi. Kisha akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu alipoanguka. Alicheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili, huku akijaribu kunimwagia maji ya kunywa kwenye mguu na kuyamwaga chini.

"Nilikufundisha tangu mdogo ushukie kushoto," akasema. "Leo ndiyo umenisikia!"

Tulikaa chini tukala mihogo ya kuchemsha, mguu wangu umefunikwa na jani la mgomba, naye ananionyesha ngazi zilizoiva na kulaumu jinsi tulivyolitunza shamba lake. Alibishana nami kuhusu kila mti. Sasa kiti cha barazani kinatazama barabara, ingawa mara nyingi hakina mtu.

Kovu langu jipya limekwishapauka. Jumapili karakanani wageni hulishangaa, maana Rumonge nzima ina alama kulia. Wananiuliza nilipakiwa na dereva gani, na mimi hunyoosha mguu wa kushoto wauone vizuri kabla ya kuwajibu kwamba ni baba yangu.