Bonyeza Mara Moja

Mama mdogo alinipigia simu akiwa amejibanza nyuma ya zahanati. Alinong'ona, "Mwanangu, wanasema nawapitisha ndugu zangu mbele ya foleni. Msimamizi keshaanza kunitazama vibaya."

Nilikuwa chumbani kwangu Kibaha, Maili Moja. Nakiri kwamba kwanza sikumfikiria yeye, niliifikiria programu yangu. Nilijiambia haiwezekani, niliijaribu mpaka nikachoka. Mimi ndivyo nilivyo, mtu akisema anaumwa karibu na kitu nilichotengeneza, nakikagua kitu kwanza.

Programu yenyewe ni ndogo. Mama mdogo ndiye anayepokea wagonjwa kwenye zahanati moja ya watu binafsi huko Kisarawe. Mgonjwa akifika anapewa kikaratasi chenye namba. Kwenye kompyuta kuna dirisha lenye namba kubwa na kitufe kimoja, "Anayefuata". Kitufe kikibonyezwa, namba inaongezeka moja, na wagonjwa wanaiona kwenye televisheni ya ukutani. Nilijifundisha kazi hii kwa video za simu, hakuna aliyenisahihisha, kwa hiyo nilijisahihisha mwenyewe mpaka nikawa kero. Rangi ya kitufe peke yake niliihangaikia wiki nzima. Chini yake nikaandika maelezo kwa herufi safi: "Mgonjwa akitoka, bonyeza mara moja."

Kesho yake nilikwenda Kisarawe, nikakaa kwenye benchi kama mgonjwa. Namba ilisomeka kumi na nne. Mlango ukafunguliwa, mgonjwa akatoka, na namba ikaruka hadi kumi na sita. Mzee mmoja aliyetoka Msimbu alitazama kikaratasi chake, akatazama ukutani, akatazama tena kikaratasi.

"Mzee, kaa tu," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia. "Wewe huna shangazi humu ndani."

Benchi zima likacheka. Mama mdogo alisikia.

Nilimwendea dirishani. "Shikamoo, mama mdogo. Mbona unabonyeza mara mbili?"

"Marahaba. Si ulinifundisha mwenyewe? Ta-ta! Harakaharaka."

Ni kweli nilimfundisha. Siku ya kwanza nilimwonyesha kile kipicha cha kufungulia programu, nikamwambia akigonge mara mbili, ta-ta. Sikumwambia kwamba kipicha cha nje kinataka mara mbili na kitufe cha ndani kinataka mara moja.

"Lakini nimeandika hapa, bonyeza mara moja."

"Na ndivyo ninavyofanya! Mgonjwa akitoka tu, sicheleweshi hata kidogo. Mara moja!"

Nilisimama pale nikahisi masikio yanaungua. Niliandika mara moja nikimaanisha moja, basi. Yeye alisoma mara moja, yaani papo hapo. Akatii, papo hapo, ta-ta. Programu ikapokea mibonyezo miwili, ikaongeza mbili, kama nilivyoiagiza. Siku akiwa na mazungumzo alibonyeza kivivu, mara moja, na mambo yakaenda sawa. Siku akiwa makini kabisa, watu walirukwa. Juzi aliyenufaika alikuwa jirani yake, maneno yakaota miguu.

Nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza huku akichezea funguo za gari.

"Rekebisha," alisema, "ila wagonjwa wasijue. Tumewaambia huu ni mfumo wa kisasa."

"Na mama mdogo?"

"Ni mtu mzima, atavumilia. Nitamhamishia kwenye usafi, watu watasahau."

Watu watasahau! Nilikaa kwenye kiti cha mama mdogo kwa hasira, nikaongeza mistari mitatu: kitufe kikibonyezwa kinalala sekunde mbili, na mbonyezo wa pili hausikiki. Mistari mitatu tu, hata chai isingechemka. Kwa mistari mitatu ambayo sikuiandika, mwanamke aliyenilipia nauli za utoto wangu wote alikuwa anaitwa mpendeleaji. Na kwenye zile video nilizojifunzia, anayebonyeza vibaya huchekwa. Niliwahi kucheka nao. Nilitamani kuivunja simu.

Nikasimama mbele ya benchi.

"Samahanini wazazi wangu. Hakuna aliyependelewa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaruka namba, na mimi ndiye niliyeitengenezea programu. Na kwa kosa hilo wanataka kumhamishia huyu mama kwenye usafi."

Yule mwenye mtoto akasema, "Kumbe kompyuta ndiyo yenye shangazi!"

Walicheka, lakini safari hii hawakumcheka mama mdogo.

"Sawa," mzee wa Msimbu akasema, "sasa mimi wa kumi na tano naingia au naendelea kusikiliza?"

"Ingia baba, ingia," mama mdogo akamwambia.

Msimamizi alikuwa ameshatoka ofisini. "Mnampeleka usafi kwa kosa la mashine?" mama mwenye mtoto alimuuliza, kwa sauti ya sokoni.

"Hakuna anayehamishwa," akajibu, akitabasamu kwa meno tu. Amelisema mbele ya watu, kwa hiyo limebaki hivyo. Kisha akachomoa waya wa televisheni na kuniambia niondoke na mfumo wangu.

Mama mdogo hakunishukuru. Alinifuata hadi nje na kunifokea kwamba nimemtetea kwa kelele, na kwamba yeye ndiye atakayebaki na bosi yule kila asubuhi. Kisha akarudi dirishani, na nikamsikia akiita kwa mdomo, "Kumi na saba! Kumi na saba yuko wapi?"

Sijatulia mpaka leo. Programu ninayo, sasa haina kosa hata moja, na hakuna mahali inapotumika.