Mgongo wa Shujaa

Shujaa anayesifiwa kwa kuliua joka la darajani hajawahi kuonekana bila shati. Jua liwake mpaka mawe yapasuke, yeye vifungo mpaka kooni, na akikaa huegemeza mgongo ukutani kama anayezuia nyumba isianguke. Mikono yake mikubwa huchora vita hewani na sauti hutetemesha vikombe. Lakini akifika pale mwenzake alipokimbia, hukohoa, akaomba maji. Maji huletwa na mjane wa huyo mwenzake, anayefagia ukumbi wa askari chini ya ngao ya mumewe, iliyotundikwa juu na kugeuziwa uso ukutani kwa aibu. Shujaa hupokea kikombe bila kumtazama.

Siku moja askari wapya walimsihi asimulie. Alipofika kwenye kile kikohozi chake, mjane akaweka maji mezani, akasema kwa upole, "Kunywa, shemeji. Mimi nimeshazoea." Maneno hayo yalimchoma kuliko moto. Akasimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua shati, akawapa mgongo. Ulikuwa umeungua wote, mabegani hadi kiunoni, na kifuani hana hata mkwaruzo.

"Aliyesimama kupigana haungui mgongo," alisema. "Aliyebaki darajani akaliua joka, akafa nalo, ni mwenzangu. Mimi ndiye niliyekimbia."

Mjane aliutazama ule mgongo, akamnyooshea shati.

"Vaa shati lako, shemeji," akasema. "Halafu panda ukaigeuze ile ngao. Miaka yote hii nimejaribu, mkono haufiki."