Baba yangu anaamini mimi ni kipa wa Japani

Admin, naomba unifiche jina, na hiyo timu pia usiitaje, maana kijijini kwetu kuna watu wanaoijua kuliko mimi.

Mimi ni kijana wa miaka 29, Mkenya kutoka magharibi, mlinzi wa hoteli hapa Al Garhoud, Dubai. Huu ni mwaka wangu wa tano. Nilitoka nyumbani nikiwa kipa. Wakala alituambia tunapita Dubai kufanya majaribio mbele ya watu wa Japani. Tukachezeshwa asubuhi moja, tukaambiwa tutapigiwa simu. Hakuna aliyepiga. Nikavaa sare ya ulinzi nikijidanganya kwamba ni ya miezi mitatu tu.

Aliyenifundisha kudaka ni baba. Alikuwa kocha wa timu ya kiwanda cha sukari karibu na kwetu. Kiwanda kilipofungwa timu ikafa, uwanja ukaota nyasi hadi kiunoni, na baba akawa mtu wa kukaa kimya. Sikuweza kumwambia mtu kama huyo kwamba kazi yangu ni kufungulia wageni mlango. Kila akipiga nilimwambia, "Bado majaribio, Baba."

Kisha akaja mgeni Mjapani, mtu mzima anayefanya kazi Freezone, kwenye makampuni ya kigeni, akakaa hotelini kwetu miezi mingi. Tulimwita Sir Haruo. Aliposikia nilikuwa kipa, akawa kila akirudi kazini anasimama pale mlangoni kunihadithia timu ya mji wao. Mji wenyewe ni mdogo, una theluji nyingi, na timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo waliofanya mazoezi baada ya zamu. Kiwanda kikajitoa. Wenye mji wakakataa ife. Wenye maduka, walimu, wakulima, wote wakaibeba. Ikapanda hadi daraja la kwanza, ikashuka, ikapanda tena. "Ubingwa hatujawahi kuuona," aliniambia huku anacheka, "lakini hata tukifungwa tano tunaimba mpaka wachezaji waingie ndani." Alipohamishwa aliniachia jezi yake ya kijani, ya kipa.

Siku hiyo niliivaa, nikapigwa picha kwenye nyasi za bustani ya hoteli, nikamtumia dada yangu bila maelezo. Nilifurahi tu kuvaa jezi tena. Dada akamwonyesha baba, na jioni baba akapiga.

"Ndiyo timu yenyewe hiyo? Wamekuchukua?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Tangu hapo nimehamia Japani bila kupanda ndege. Nilijifanya kipa wa tatu, wa kukaa benchi, ili asiulize mbona haonyeshwi mechi zangu. Akiniambia habari za asubuhi, lazima nikumbuke kumjibu kwamba huku jua linaelekea kuzama. Kila wikendi natafuta matokeo kwenye simu ili nijue niwe na furaha au huzuni nikiongea naye. Dada yangu aliniuliza mwaka jana, nikamwambia ukweli, akalia, lakini amenitunzia siri.

Baba alinifanya nirudie ile historia ya timu mara nyingi hadi akaijua yote. Kumbe alikuwa anawazungukia wachezaji wake wa zamani, mmoja mmoja. "Wale wenzetu kiwanda kiliwaacha na hawakufa," aliwaambia. "Sisi tulikufa kwa nini?" Wazee wale wakachukua mapanga, wakafyeka uwanja. Sasa kila Jumamosi kuna vijana wanacheza pale, wana timu, na picha yangu wameibandika kwenye mlango wa stoo ya mipira.

Mwezi uliopita timu ya Sir Haruo ilishuka daraja. Nililia chumbani, sijui hata nalilia nini. Nilipomwambia baba, akasema, "Mwanangu, usiwakimbie wenzako. Na usione haya kuja nyumbani. Hapa kwetu hatufungii mtu mlango kwa sababu ameshuka."

Mama akachukua simu, akatoka nje ndipo akasema. Figo za baba zimeshindwa. Daktari amewaambia wamrudishe nyumbani. "Njoo, mwanangu. Anataka uje na hiyo jezi, usimame uwanjani, uwaambie vijana hiyo historia kwa mdomo wako. Hiyo tu ndiyo anayoisubiri."

Ninayekaa naye chumba kimoja, Hassan, Mganda, hana simile. "Yalla, nenda ukamwambie ukweli. Baba si kafeel, si bosi mwenye viza yako, hatakufukuza." Dada yangu naye anasema, "Thubutu! Utamuua kabla ya siku yake, na hao vijana watarudi kukaa vichochoroni." Nikimsikiliza Hassan naona ana haki. Nikimsikiliza dada naona naye ana haki.

Nimeumia, ndugu zangu. Baba yuko kitandani, pumzi zenyewe za kuhesabu, na alizitumia kunifariji kwa jambo la uongo. Nami nikapokea. Nikamwambia asante. Najiuliza, je, nikimwacha azikwe bila kujua, nitakuwa nimemzika kama mwanawe au kama yule kipa ambaye hayupo? Na nikimwambia, nani atamrudishia zile siku alizotembea kijiji kizima akinitaja?

Naondoka Alhamisi. Jezi nimeifua, nimeikunja, nimeiweka juu kabisa kwenye begi. Wenye wazazi na mliozika wazazi, nisaidieni. Nifike kitandani kwa baba nimeivaa, au nimeishika mkononi?