Boya la Tangi la Samaki

Nichekeni tu, maana hapa Rusumo wameshanicheka vya kutosha. Tangi langu la samaki la sebuleni lilikuwa linapungua maji kila siku, nikanunua swichi ya boya. Maji yakishuka, boya linashuka na pampu inavuta maji kutoka kwenye pipa la nje. Yakijaa, boya linapanda na pampu inazima.

"Baba Neema, si umwite fundi?" mke wangu akaniuliza.

"Fundi wa nini na mimi nipo?"

Gundi ikabanduka, nikabandika tena. Waya ukalegea, nikaukaza kwa meno. Mwisho boya likatii!

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Keza. Nikaona zile nyaya zinaniaibisha, nikafunika tangi kwa kitambaa cha kufuma cha juu ya televisheni. Ncha yake ikaloa, ikalikandamiza boya chini. Mimi sina habari.

Mama mkwe akaombea chakula, sala ndefu, sote tumefumba macho. Nikasikia maji yanatiririka, nikatabasamu: mtambo wangu huo!

"Amina," akasema, kisha akainama. "Baba Neema, na huyu anayerukaruka miguuni kwangu, naye ni mboga niliyoiombea?"