Kidole cha Kuendea Makka

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti hapa Mtwara, nyuma ya mzee mmoja wa Mtawanya na mkewe, wanaotaka kwenda kuhiji. Mzee alikwisha kupewa yake. Mkewe hajui kuandika, akaambiwa aweke dole gumba. Likatoka doa jeusi tupu, mara tatu.

"Mama, kidole chako hakina mistari," karani akasema. "Hii haitapokelewa."

"Imeliwa na mafuta makali ya maganda ya korosho, mwanangu. Nabangua tangu nikiwa msichana."

Mzee akairudisha pasipoti yake mezani, taratibu. "Basi na hii ichukue. Safari tuliinuia wawili, siendi peke yangu."

Karani akaitazama ile pasipoti, akavuta kiti, akaushika mkono wa mama na kujaribu kidole kimoja kimoja. Kidole kidogo cha kushoto, cha mwisho kabisa, kikatoa mistari safi.

"Alhamdulillahi!" mama akasema, na foleni yote tukashusha pumzi. Karani alikuwa akijifuta jasho, anacheka.

Miaka yote tunahimizwa tufanye kazi kwa mikono. Ofisi zisishangae, basi, mikono hiyo ikifika dirishani imechakaa.