Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe Darasani

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana wenzangu wa darasani bado wananiita Mawingu na sina pa kuuficha uso.

Mimi nauza viatu vya mitumba Mabatini, na mwaka huu nimerudi shule, ndiyo, mimi huyu huyu na mvi zangu, kwa sababu serikali ilisema sisi watu wazima tulioishia njiani itatulipia masomo ya sekondari kwa mtandao, ada mpaka bando, mradi mtu aonekane darasani kweli (siyo jina linakaa kwenye kioo huku mwenyewe yuko kilabuni). Cheti cha kidato cha nne nakiota tangu baba aliponitoa shule nikachunge ng'ombe, na kwa viatu vyangu nisingeweza kujilipia hata kidogo. Nikitolewa kwenye mpango huu, basi tena.

Sasa siku hiyo Mabatini kulikuwa na kelele, nikasema leo nitasomea ziwani. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo namna hiyo. Nikakaa juu ya jiwe, miguu majini, shati nikavua kwa joto, simu nikaiegemeza kwenye kiatu, kamera imezimwa kama tulivyozoea wote ili bando lisiishe haraka. Mwalimu Rehema alikuwa anafundisha jinsi maji ya ziwa yanavyopanda juu na kuwa mvua, na sauti yake ikawa inakuja na kuondoka pamoja na mawimbi, dagaa walioanikwa mchangani wanang'aa, na mimi taratibu nikajiona nimepanda pamoja na yale maji, mwepesi kabisa, cheti mkononi, napita juu ya mabati ya kwetu na wateja wangu wananipungia (nilikuwa macho jamani, sikulala, mimi ndivyo nilivyo).

"Tumepata mgeni kutoka wizarani," mwalimu akasema. "Washeni kamera wote, awaone anaowalipia."

Nikabonyeza, huku bado nikiwa kule juu.

Kioo kikajaa nyuso, na katikati yao alikuwepo mama mkwe wangu wa Usagara. Kumbe naye anasoma! Mke wangu alijua, akanyamaza.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Nikimwona njiani naingia vichakani, nikienda kwake namwamkia nikiwa nje ya mlango, macho chini. Miaka yote ya ndoa naijua sauti yake kuliko uso wake. Na sasa yuko mbele yangu, miwani puani, kalamu mdomoni kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi niko kifua wazi.

Nilikimbia. Nikaruka nyuma ya jiwe kubwa, kiatu kikaanguka, simu ikalala chali ikitazama mbinguni.

"Huyu mwanafunzi yuko wapi?" nikamsikia mgeni akiuliza. "Naona mawingu tu. Serikali haiwezi kulipia mawingu."

Ikaja sauti ninayoijua.

"Yupo, mwanangu. Ni mkwe wangu, amenikimbia mimi. Ni adabu hiyo."

"Mama, mimi lazima niuone uso."

"Basi avae shati. Mimi nazima yangu, mumwone."

"Ukizima, na wewe utahesabiwa hupo."

"Anzeni na yeye. Ana watoto wa kusomesha."

Akazima. Jamani, machozi yalinitoka nyuma ya lile jiwe. Nikavaa shati ndani nje, nikaokota simu, nikasema, "Shikamoo mheshimiwa, mimi ndiye mawingu. Umeshaniona, sasa natoka, mama awashe." Nikatoka darasani nikakaa pale natazama maji, sijui kama tumebaki wote au tumeondolewa wote.

Baadaye Mwalimu Rehema akanipigia, anacheka mpaka maneno hayatoki. Tumebaki wote wawili. Ila mimi nimehamishiwa kundi la asubuhi, ili kila mtu asome kwa amani.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu. Alipomaliza akanitazama, anajikaza asicheke.

"Mama anasema usiwe na wasiwasi, yeye hakuona kitu chochote."

"Afadhali," nikasema.

"Ila anatuletea kuku. Anasema mbavu zako zinahesabika."

Kuku yule nilimla, na supu nikaimaliza, nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Na tangu siku hiyo naapa, hata jua liwe la kuyeyusha mabati, sitaingia tena darasani bila shati.