Safu Tatu Nilizozifumua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu wa Lisekese, hapa Masasi, walilijua hilo kabla ya kulijua jina langu. Naitwa Shamsia, ila kwa walio wengi mimi ni Mama Faidha wa nyuzi. Nina kibanda sokoni, nauza nyuzi za kufumia, sindano, vifungo na zipu, na mikono ikikosa kazi nafuma vitambaa vya makochi. Nimewafundisha wanawake wengi kufuma. Nusu yao walikimbia kwa sababu ya mdomo wangu.

Nancy hakukimbia. Huyu ni mke wa Dickson, fundi seremala, jirani yangu wa ua kwa ua. Aliolewa kutoka Nanganga akiwa na miaka ishirini na mbili, mpole, mchapakazi, akicheka anafunika mdomo. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake hupumzishwa, anakuwa mama wa fulani. Nancy alikaa miaka mitano akiitwa Nancy. Si kwamba hakubeba mimba. Alibeba mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka amekwisha kufa, tumbo likiwa kubwa la kuonwa na kila mtu. Watoto wale walizikwa nyuma ya nyumba, hata majina hawakupewa.

Mama mkwe wake alikuwa Helena, bibi wa Kianglikana aliyenyooka kama rula. Alikuwa mkunga tangu mimi ni msichana, na vitambaa vyote vya madhabahuni pale kanisani kwao alivifuma yeye. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Sikuwahi kumsikia akimpa pole Nancy, wala sikuwahi kumsikia akimlaumu. Alifariki mwezi wa nne, Nancy akiwa na mimba ya tatu, changa bado.

Mwezi wa saba Nancy akaja kibandani, tumbo limetangulia, kashika mfuko wa rambo.

"Shikamoo, Mama Faidha."

"Marahaba. Jua la saa saba hili unambebesha mtoto, akili umeiacha wapi?"

Akacheka, akafunika mdomo. Kisha akatoa mfukoni kitambaa cheupe kilichofumwa nusu, sindano yake yenye ndoano bado imenasa kwenye tundu la mwisho, na daftari la shule lililochakaa. Alivikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu. "Nataka unifundishe kusoma hiki nikimalize," akasema. "Ni kitambaa cha meza."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Nikafungua daftari, na nakiri nilivutiwa. Helena hakuandika maneno. Alichora. Nukta ilikuwa mnyororo, ule wa kuanzia kazi. Msalaba mdogo ulikuwa mshono mfupi. Kijiti chenye mkono mmoja kilikuwa nguzo, ambayo unauzungusha uzi kwenye sindano kwanza, unachoma tunduni, unavuta, kisha unatoka kwa mara mbili. Mabano yalimaanisha urudie, na namba iliyo kando ilisema mara ngapi. Safu ya kwanza ilikuwa chini ya ukurasa, kazi ikipanda juu. Ukishajua hivyo, ukurasa mzima unausoma kama njia ya kwenda kisimani.

Nancy aliujua ukurasa kwa siku nne, mikono ikachukua wiki tatu. Makosa yake yalikuwa yale ya kila mwanafunzi: anakaza uzi mpaka sindano haipiti, anasahau tundu la mwisho wa safu, upande mmoja unakula ndani. Nilifoka, akavumilia. Jambo moja lilinisumbua. Uzi wa dukani umenyooka, lakini uzi wa kitambaa kile, hata ule uliobaki kwenye donge, ulikuwa na vikunjo vidogo vidogo mwanzo mwisho. Uzi ukishafumwa ukafumuliwa ndivyo unavyobaki. Nilimwambia, uzi huu umewahi kuwa kitu kingine. Nancy akauviringisha kidoleni, akautazama.

Siku moja akaniwekea kidole kwenye daftari. "Na hii kama wimbi, ni mshono gani?"

Daftari lilikuwa na kurasa tatu za mchoro uleule. Ukurasa wa kwanza uliishia na mstari wa wimbi, chini yake tarehe. Ukurasa wa pili vilevile, tarehe nyingine. Wa tatu haukuwa na wimbi.

"Huo si mshono," nikasema. "Hapo alifumua. Alivuta uzi wote akaanza upya."

"Mtu anafumua kitu kizima kwa nini?"

"Alikosea, labda."

"Mama alikuwa hakosei," akasema Nancy, na kweli Helena alikuwa hakosei. Aliziangalia zile tarehe muda mrefu, midomo ikichezacheza kama anayehesabu. Kisha akafunga daftari akaenda zake bila kuaga, yeye ambaye huaga hata kuku.

Tangu siku ile hakukubali kufumua hata mshono mmoja. Akikosea namwonyesha, nasema rudi nyuma, anasema tuendelee, Mama Faidha, tutarekebisha mbele. Kufuma gani huko? Anayejifunza kufuma, nusu ya elimu yake ni kufumua. Kitambaa kikaanza kuota masikio, kikapinda, kikajikunja pembe. Nilisema mengi na mengine yalikuwa mabaya. Yeye alikuwa anainamisha kichwa na kusonga na safu.

Ikafika ile asubuhi ya mwezi wa nane. Watu walikuwa wamepuliza salfa, ile dawa ya ukungu, kwenye mikorosho tangu alfajiri, na vumbi lake lilikuwa bado limening'inia, jeupe, halipandi wala halishuki. Ndege hawakuwepo. Nilikaa naye barazani kwake, akainuka kwenda kuinjika chai, akaacha kazi yake juu ya mkeka. Nikaichukua. Safu tatu za mwisho zilikuwa aibu tupu, mishono kumi na moja imepotea. Nikasema moyoni, namsaidia, hatajua. Nikachomoa sindano, nikavuta uzi. Safu tatu zikaisha kwa dakika moja, trrrr, uzi ukajaa mapajani mwangu.

Nilipoinua macho Nancy alikuwa amesimama mlangoni. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Rudisha," akasema.

"Nancy, ni safu tatu tu za kitambaa cha meza."

"Si cha meza. Ni shali la mtoto."

Kwetu nguo ya mtoto haitengenezwi kabla mtoto hajalia. Hainunuliwi, haifumwi, hata rangi yake haitajwi. Ndiyo maana Helena aliificha chini ya sanduku, na ndiyo maana Nancy alinidanganya. Nilitaka kumwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikaumeza ulimi wangu, kwa mara ya kwanza pengine maishani.

Akalifungua daftari kwa mkono mmoja, mwingine hautoki tumboni. "Tarehe hii, Mama Faidha, ni siku moja kabla ya mtoto wangu wa kwanza. Hii ni siku moja kabla ya wa pili. Alifumua, kesho yake wakafa. Na huyu sasa hivi alikuwa anacheza nikiwa jikoni. Ulipovuta amenyamaza."

"Twende Ndanda," nikasema, nimeshasimama. "Hospitali, sasa hivi."

"Rudisha kwanza."

Nilimfokea. Nilimwita mjinga, nikamwambia uzi hauzai wala hauui. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, na nikaona kwamba ng'ombe wanne wasingemwinua. Nikampigia Dickson aliyekuwa karakanani, nikamwambia atafute gari haraka. Kisha nikaokota sindano, kwa sababu gari lilikuwa bado na kukaa bure nilishindwa.

Nikaanza kufuma vizuri, mkono wangu ulivyozoea. Akanishika kiganja. "Si hivyo. Kama ilivyokuwa."

Mniamini, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ni kukosea kwa makusudi makosa ya mtu mwingine, yote, mahali pake. Macho hayakunisaidia. Uzi ndio ulionisaidia. Kila kikunjo kilikuwa kinatafuta mahali kilipolala kwanza. Nikikosea kukosea, uzi ulikataa, ukasimama pembeni ya tundu. Nikilipatia kosa lake, ulilala. Nilifuma nguzo alizozikaza, nikaruka matundu aliyoyaruka, na mikono yangu, nasema ukweli, ilikuwa haiendi kama yangu. Ilikaza uzi kabla sijaamua kukaza. Nancy alikuwa amefumba macho. Kila baada ya muda nilimuuliza kama amecheza. Alitikisa kichwa.

Safu ya kwanza. Safu ya pili. Hata majani ya mikorosho hayakusogea. Nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, na nilipoishiwa nikaanza tena. Gari lilipopiga honi barabarani nilikuwa nimebakisha mshono mmoja wa safu ya tatu. Nikachoma, nikauvuta uzi, nikatoka.

Nancy akaruka kidogo. Akanishika mkono akauweka tumboni, na teke likaja, kali, chini kabisa ya kiganja changu. Nililia kama mtoto.

Njiani kwenda Ndanda akili ikanirudia, nikamweleza. Helena alikuwa mkunga. Si alikuwa anakukanda tumbo kila jioni? Akasema ndiyo. Basi mikono yake ilijua kabla ya mtu yeyote kwamba mtoto amenyamaza. Alifumua kwa uchungu, mwanangu. Hakuwaua. Alikuwa anawalilia kwa namna yake.

Nancy alitazama nje mpaka tukapita majabali yote ya Masasi. "Kama alijua," akasema, "mbona hakuniambia?"

Hospitali walimpima, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga sawasawa. Wakatuambia mama ale vizuri, apumzike, na safari nyingine asisubiri.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa mwishoni, wa kike, akalia mpaka wodi nzima ikacheka. Ukoo ulitaka aitwe Helena, kurithi jina la bibi yake kama ilivyo desturi. Nancy alikataa kwa neno moja, hakufafanua. Akaitwa Loveness, na Nancy akapumzishwa jina lake hatimaye. Siku mtoto alipotimiza arobaini na kutolewa nje, Mama Loveness alimleta barazani kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Alikuwa amemfunika shali lile, lililopinda, lenye masikio. Sindano ilikuwa bado imenasa, na donge la uzi liko kwenye mfuko begani.

"Lete nikumalizie," nikamwambia. "Unavuta kitanzi cha mwisho, unakata uzi, unafunga fundo, basi."

"Kukata?" akauliza.

"Usipokata litafumuka."

"Nikiendelea kufuma halifumuki," akasema.

Loveness ana miaka mitatu sasa. Ana afya, ana kelele, ana mdomo ambao watu wanasema kaupata kwangu. Mama yake anafuma safu moja kila Jumamosi, uzi ananunua kwangu. Shali limeshafunika kitanda, limeteremka sakafuni, mtoto analala juu yake na chini yake. Dickson ameacha kusema. Padri wao alikuja kusema, akapewa chai. Mama Loveness anafuma vizuri siku hizi, nguzo zake zimenyooka kuliko zangu, lakini hajawahi kufumua mshono hata mmoja, na mkasi haukai nyumba ile.

Mimi siamini mambo hayo. Nimeshasema, uzi hauzai wala hauui. Mwezi uliopita uzi mweupe wa aina ile uliniishia kibandani, na mzigo kutoka Mtwara ukachelewa. Ilikuwa Alhamisi. Nilifunga kibanda saa mbili asubuhi, sikumwambia mtu, nikapanda bodaboda mpaka Newala, nikazunguka duka kwa duka na vumbi mdomoni, mpaka nikaupata.